Mwambie Jirani Yako: Mahubiri ya Kikristo na Hadhira Yake Kusini mwa Pwani ya Kenya

Lau mtu angekuuliza ni utanzu upi wa sanaa ya maneno unaosikilizwa na watu wengi zaidi kila juma nchini Kenya, ungemjibu nini? Si utenzi, wala si ngano, wala si tamthilia. Ni mahubiri. Kila Jumapili, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, wahubiri husimama mbele ya watu, wengine katika makanisa ya mawe, wengine katika vibanda vya mabati na wengine chini ya mwembe, wakazungumza kwa Kiswahili saa nzima au zaidi. Nasi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tunafanya nini na hazina hiyo? Tunaandika tasnifu kuhusu misimu ya vijana, lugha ya matatu, mashairi ya taarabu na matangazo ya biashara. Mahubiri huguswa katika somo la sajili tu, ambapo mwanafunzi hukariri kwamba lugha ya dini ni ya unyenyekevu, hurejelea vitabu vitakatifu na hurudiarudia maneno. Akishapewa alama zake, huenda zake.

Makala haya yanadai kwamba kunyamaza huko ni kosa, na kwamba katika Kwale na kusini mwa pwani kwa jumla kosa hilo lina gharama. Sababu ni hii: mhubiri wa Kikristo wa huko hasikilizwi na waumini wake peke yao. Anasikilizwa na jirani yake Mwislamu, apende asipende, na Kiswahili anachokitumia ni Kiswahili alichokirithi kwa jirani huyo. Asiyelijua hilo huhubiri kana kwamba yuko katika chumba kilichofungwa, ilhali madirisha yote yako wazi.

Naomba nianze na msiba wa kwetu. Baba yangu mkubwa alifariki Msambweni miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa Mkristo, na upande wa baba sote tu Wakristo. Upande wa mama ni Wadigo na ni Waislamu. Jambo hili si la ajabu kwetu. Ni nadra kupata ukoo uliokaa sana katika maeneo hayo usiokuwa na pande zote mbili. Matanga yalipoandaliwa, mjomba ndiye aliyemchinja ng'ombe, kama ilivyo ada, ili kila mtu apate kula bila kusita. Mama wakubwa na shangazi walipika pamoja katika masufuria yale yale. Vijana wa msikitini walisaidia kuchimba kaburi.

Akaja mhubiri mgeni. Simtaji jina wala kanisa lake, kwa kuwa hayupo hapa kujitetea. Alikuwa na sauti nzuri na Biblia aliijua. Lakini alipofika katikati ya mahubiri yake, aliliacha jeneza akawageukia waombolezaji waliovaa kofia na mabuibui, akaanza kuwaeleza mahali watakapokwenda siku yao itakapofika. Hakuwataja kwa dini yao. Alisema tu “wale wanaoita jina jingine”. Hakuna aliyekosa kuelewa. Wakristo wachache waliitikia “Amina” kwa mazoea, kisha wakainamisha vichwa. Mjomba alisubiri hadi sala ikafika, akainuka taratibu, akanigusa bega akaniambia: “Mwanangu, sisi tumekuja kuhani. Tutarudi kesho.” Wakarudi kweli, na wali wao, kesho yake, mhubiri akiwa amekwisha kuondoka na nyama ya ng'ombe aliyechinjwa na mjomba imo tumboni mwake.

Neno hilo la mjomba limenikaa moyoni kwa sababu ya kiisimu pia. Katika Kiswahili cha pwani, kuhani ni kwenda kuwafariji waliofiwa. Katika Biblia ya Kiswahili, kuhani ni mtumishi wa madhabahu. Ni maneno mawili tofauti yaliyosadifu umbo moja. Siku ile niliyaona yote mawili yamesimama kando ya kaburi moja, na mwenye kuhani kwa maana ya kwanza ndiye aliyeifanya kazi ya siku ile.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kuhubiri. Linatokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa neno habari. Katika kamusi za zamani maana yake ni kutoa habari, kutangaza, kuarifu. Maana ya kutoa mawaidha ya dini imo, lakini haiko peke yake. Mtoa habari hana budi kumfikiria anayepewa habari: anajua nini tayari, atauliza nini, atalisikiaje neno hili au lile. Wala neno hilo si mali ya Wakristo pekee. Taasisi ya viongozi wa Kiislamu inayojulikana sana Mombasa inaitwa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya. Mwenyekiti wake, Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa akipinga misimamo mikali hadharani, aliuawa kwa risasi Juni 2014 huko huko Likoni. Kwa hiyo tunapozungumzia hatari ya kuhubiri na hatari ya mahubiri, tunazungumzia jambo linalozigusa pande zote mbili za ua.

Tuendelee kidogo na msamiati. Mhubiri wa Ukunda hawezi kumaliza sentensi tatu bila imani, dhambi, toba, rehema, baraka, sadaka, ibada, roho, malaika, nabii, injili na zaburi. Kanisa lenyewe, msalaba wenyewe, na hata mimbari anayoigonga kwa ngumi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na mengi kati ya hayo yalikuwa yakitumika misikitini na vyuoni karne nyingi kabla Injili haijahubiriwa hapa kwa Kiswahili. Mungu na mtume ni maneno ya Kibantu, lakini nayo yalikuwa yamekwisha kutumika katika dini ya Kiislamu. Wokovu na ufufuo yamekita zaidi upande wa Kikristo. Iwapo jirani angedai arudishiwe maneno yake yote leo jioni, Jumapili ijayo mhubiri angebaki akipiga makofi tu.

Historia inathibitisha jambo hilo kwa namna ambayo ningependa kila mhubiri wa Kwale aifahamu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mkewe na binti yake mchanga walifariki miezi michache baadaye, lakini hakuondoka. Mwaka huo huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni nani? Ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa taaluma za Mashariki. Mwaka wa 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai; kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882, yeye akiwa ameaga dunia mwaka uliotangulia. Hebu litafakari jambo hili: maneno ya kwanza ya Biblia kupigwa chapa kwa Kiswahili yalipita katika kinywa cha kadhi. Wala sheikh huyo hakubadili dini. Alimsaidia mgeni kusema alilotaka kusema, kwa lugha safi, kisha akabaki na imani yake.

Ruka sasa miaka 166. Mwaka wa 2010 Wakenya walitakiwa kuipigia kura katiba mpya. Baraza la Kitaifa la Makanisa, maaskofu wa Kikatoliki na makanisa mengi ya kiinjili waliwahimiza waumini kuikataa, na miongoni mwa sababu walizotoa ilikuwa Mahakama za Kadhi, pamoja na kifungu kinachohusu uavyaji mimba. Kura ilipigwa tarehe 4 Agosti, katiba ikapita kwa takriban theluthi mbili ya kura, na mahakama hizo zimo katika kifungu cha 170, kama zilivyokuwamo katika katiba ya uhuru ya 1963. Sina ugomvi na mtu aliyepiga kura ya la. Hiyo ilikuwa haki yake. Ninachokumbuka ni lugha. Katika vipaza sauti vya kusini mwa pwani, neno kadhi lilitamkwa miezi ile kama jina la ugonjwa. Kadhi ni mtu anayemwozesha binamu yangu na kuwagawia urithi watoto wa mjomba. Nilijiuliza ni wahubiri wangapi walijua kwamba bila kadhi mmoja wa Mombasa, Mwanzo 1 ya kwanza ya Kiswahili isingalikuwa ilivyokuwa.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wazungu na masheikh wa kale. La, si wazungu tu. Mmoja wa wahubiri wa Rabai katika miaka ya 1880 alikuwa William Jones, Myao aliyepata kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Watumwa watoro walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, na mabwana zao Waarabu na Waswahili wakawadai. Mwishoni mwa mwaka wa 1888 ilibainika kwamba watoro hao walikuwa zaidi ya 1,400. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu hao wakapewa hati za uhuru. Hapo hatuoni mahubiri ya kumpendeza jirani. Baadhi ya majirani walikasirika hasa. Lakini yalikuwa mahubiri yaliyojua yanamhusu nani na jambo gani, na mtu alikuwa tayari kuyalipia.

W. E. Taylor naye, mmishonari wa Mombasa katika miaka hiyo hiyo, alihubiri hadharani mjini na hakuificha imani yake. Lakini kabla ya kuwafundisha Waswahili, alikubali kufundishwa nao. Alikaa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akanakili mashairi ya Muyaka, na mwaka wa 1891 akachapisha mkusanyiko wa methali na misemo ya Kiswahili ambao hadi leo tunautumia. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Muyaka tunaidai kwa watu hao wawili, Mwislamu na Mkristo. Je, ni wahubiri wangapi wa leo Diani wanaoweza kukisema hata kisa kimoja cha Wadigo, au kulitaja shairi moja la pwani?

Nisieleweke vibaya. Hali ya kusini ni tofauti na ya Rabai. Misheni za mwanzo zilikita kaskazini na magharibi ya Mombasa, Rabai mwaka wa 1846 na Ribe mwaka wa 1862. Wadigo wengi walisilimu kati ya miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Ukristo wa Ukunda na Diani wa leo umekuzwa kwa kiasi kikubwa na watu waliotoka bara kufanya kazi hotelini, shuleni na katika ofisi za serikali, pamoja na Waduruma kutoka Kinango. Kwa hiyo mhubiri mara nyingi ni mgeni, anawahubiria wageni wenzake, na ni rahisi asahau kwamba mji una wenyeji.

Hapo ndipo inapoingia ibara niliyoifanya kichwa cha makala haya. Aliyewahi kuhudhuria ibada ya makanisa mapya anaijua: “Mwambie jirani yako!” Mhubiri hutaja ahadi fulani, kisha watu huamrishwa wageuke, wamwangalie aliye kando, wairudie. Ibara hiyo imeletwa na mtindo wa Marekani kupitia runinga, na katika safari yake neno jirani limesinyaa. Si mtu wa nyumba ya pili tena. Ni mtu wa kiti cha pili. Ukuta wa kanisa umekuwa mpaka wa ujirani. Ilhali jirani mwenyewe, yule wa ua wa pili, anamsikia mhubiri kila neno, kwa kuwa vipaza sauti vimeelekezwa nje. Tangu mwaka wa 2009 nchi ina kanuni za kudhibiti kelele, lakini mimi si afisa wa mazingira na sishughuliki na desibeli. Ninachouliza ni hiki: ikiwa umeamua jirani akusikie, umemwandalia neno gani?

Msamiati mwingine wa mtindo huo nao unastahili kuhakikiwa. “Pokea mpenyo wako.” “Ingia kiwango kingine.” “Panda mbegu.” Maneno ni ya Kiswahili, lakini yamesimama kama vyombo vya mgeni sebuleni; hakuna anayejua pa kuviweka. Mvuvi wa Msambweni akiambiwa apokee mpenyo, atafikiria upenyo wa mwambani unaopitisha chombo chake kwenda bahari kuu. Na kusema kweli, hiyo ingekuwa taswira bora kuliko aliyoikusudia mhubiri, lau angelijua. Kisha kuna kioja cha ukalimani. Mhubiri Mkenya, anayekijua Kiswahili tangu utotoni, huhubiri kwa Kiingereza mbele ya watu ambao wote wanakijua Kiswahili, naye mkalimani husimama kando akishindana naye kwa sauti na jasho. Nimeshuhudia mkalimani akitafsiri vizuri kuliko alivyosema mwenyewe. Kiingereza hapo hakitoi habari, kinatoa cheo.

Ajabu ni kwamba zana za kufanya kinyume chake zipo. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato ilitoka mwaka wa 2004, na Agano Jipya la Chidigo likachapishwa mwaka wa 2007. Kazi zote mbili zilisimamiwa na shirika la Bible Translation and Literacy. Nimewasikia wazee wa Kiislamu wakilishuku Agano hilo, na ninaelewa kwa nini: kitabu cha dini nyingine kinapokuja kwa lugha ya mama, mtu huhisi adui ameingia jikoni. Lakini nimemwona pia mwalimu wa madrasa akiitumia Mgombato kutafuta majina ya miti ambayo wanafunzi wake hawakuyajua. Wahubiri wa Kikristo niliowauliza kuhusu kamusi hiyo, wengi hawakuwahi kuisikia.

Kwa nini nalikazania jambo hili kama kwamba ni suala la uhai? Kwa sababu limewahi kuwa hivyo. Tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea hadi Ukunda, Diani na Matuga. Watu zaidi ya 100 waliuawa, maelfu wakahama, na wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Ghasia zile hazikuwa vita vya dini. Uchunguzi uliofuata uliyaonyesha mambo ya siasa na ardhi. Lakini ziligawa watu kwa msingi wa nani mwenyeji na nani mgeni, na kwetu mstari huo hupita karibu sana na mstari wa kanisa na msikiti. Kisha tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja la Likoni wakati wa ibada ya Jumapili. Waumini 6 wakapoteza maisha. Mjomba wangu yule yule alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumpigia baba simu siku hiyo. Katika mahali penye kumbukumbu kama hizo, sentensi moja ya mhubiri ina uzito ambao haina Nairobi.

Mfano ulio mbaya kuliko yote tunao kaskazini yetu, katika kaunti ya Kilifi. Mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Paul Mackenzie, mhubiri wa kanisa la Good News International, anatuhumiwa kuwaongoza wafuasi wake wafunge hadi kufa. Alishtakiwa mwaka wa 2024 na amekana mashtaka. Serikali iliunda jopo lililoongozwa na Mutava Musyimi kuchunguza namna ya kuyasimamia mashirika ya dini, na ripoti ikakabidhiwa Julai 2024. Tangu hapo mjadala wetu umekuwa wa sheria: leseni, usajili, vyeti vya theolojia. Sawa. Lakini mahubiri yake hayakuwa siri. Yalirushwa kwa runinga na intaneti kwa miaka kadhaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu, yakikemea shule na hospitali. Sidai kwamba mwanafunzi wa isimu angeuzuia msiba ule. Nadai kwamba taifa lenye vyuo vikuu vingi vinavyofundisha Kiswahili lilikuwa na masikio mengi yaliyofunzwa, na masikio hayo yalikuwa yakisikiliza vitu vingine. Tunajua kuhakiki hotuba ya mwanasiasa: anaamrisha wapi, anaficha nini nyuma ya kiwakilishi “wao”, anamnyima msikilizaji nafasi ya kuuliza kwa mbinu gani. Mhubiri tunampisha, kwa heshima.

Nimekwisha kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza husema kwamba kazi ya mhubiri ni kusema kweli, si kumbembeleza jirani. Nakubali. Simtaki Mkristo aufiche msalaba, kama nisivyomtaka mjomba aifiche shahada. Ila mtu anayeamini kweli kwamba ana habari njema huwa na hamu ya kueleweka, na anayetaka kueleweka huchagua maneno. Aliyehubiri kwenye msiba wetu hakuwa akimtolea mjomba habari. Alikuwa akimtumia mjomba kuwatisha waliokwisha kuamini. Pingamizi ya pili husema kwamba asiyesomea theolojia hana haki ya kuhakiki mahubiri. Hii inanichekesha. Kila mwaka tunauhakiki Utendi wa Mwana Kupona, darasa zima la vijana, bila hata mmoja wetu kuwa mama anayeugua na kumwusia bintiye.

Tena upo ukimya ambao uhakiki wa namna hii ungeufichua. Desemba 2006, serikali na UNICEF walitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono pwani, Diani ikiwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakiingizwa katika biashara hiyo. Nimekaa katika viti vya makanisa ya Diani Jumapili nyingi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mavazi ya wasichana. Juu ya wanunuzi, na juu ya wenye nyumba za kukodisha wanaopokea fedha zao, nimesikia mara mbili. Vivyo hivyo ardhi: mashamba yanauzwa, koo zinagombana mahakamani, mgodi wa titani ulioanza kusafirisha madini mwaka wa 2014 umefunga shughuli zake mwishoni mwa 2024 na watu wanauliza ardhi ile itakuwaje. Msikitini na kanisani watu wana swali moja.

Ndiyo maana nataka kumaliza na matanga mengine, ya mwaka juzi, si mbali na Diani. Marehemu alikuwa Mkristo, nao waombolezaji walikuwa wa pande zote mbili kama kawaida. Mhubiri alikuwa katekista mzee, Mduruma, mwenye shati la mikono mirefu na bila kipaza sauti. Kwanza aliwaomba wazee wa Kiislamu ruhusa ya kusema, wakampa. Kisha akasimulia kisa cha Yusufu na ndugu zake, kisa ambacho kila mtu pale alikijua, wengine kwa Biblia na wengine kwa Kurani, akichanganya Kiswahili na Chidigo, akisita mahali ili wasikilizaji wamalizie wenyewe. Walimalizia, wote. Alipofika pale ndugu wanapomuuza ndugu yao, alinyamaza kidogo, akawatazama watoto wa marehemu, wawili kati yao Waislamu. Akasema: “Nimesikia kuna mteja wa shamba. Kaburi hili bado bichi. Yusufu aliuzwa mara moja, msimuuze mara ya pili.” Mzee mmoja mwenye kofia akaitikia kwa sauti, “Kweli hiyo.” Katekista akaomba, akaketi.

Nilikuwa nimeyarekodi kwa simu. Yalichukua dakika 11, na nilipoyanakili yalijaza kurasa nne. Mzee ameniruhusu niyatumie kwa masomo mradi jina lake lisitajwe, nalo shamba, mara ya mwisho niliposikia, lilikuwa bado na minazi yake. Mwanafunzi au mhadhiri atakayeitaka nakala hiyo kwa tasnifu au kwa darasa atanipata katika chumba cha chama kila Alhamisi alasiri.